Shajara ya mradi: godauni la reli linageuzwa maktaba, Kisumu

Jengo ni godauni la mizigo kando ya njia ya reli, mwendo mfupi kutoka ziwani. Reli ilifika hapa 1901, mji ukingali unaitwa Port Florence, na maghala ya namna hii yalihitajika kwa sababu shehena ilitolewa kwenye mabehewa ikapakiwa melini. Urefu wa jengo ni mita 36, upana 12. Kuta ni matofali ya kuchomwa, unene milimita 450, yameunganishwa kwa chokaa. Kenchi 8 za chuma zilizofungwa kwa riveti zimesimama kila mita 4, hivyo kuna mapengo 9 kutoka ukuta wa kaskazini hadi wa kusini. Sakafu imeinuliwa mita 1.1 juu ya ardhi ili ilingane na mlango wa behewa. Upande wa magharibi, unaotazama ziwa, kuna jukwaa la kupakulia lenye kipaa cha upana wa mita 2.4.

Utaratibu wa kazi uliandikwa kabla ya chochote kuguswa: kwanza maji ya mvua, pili kuta, tatu sakafu, nne rafu, mwisho rangi. Kuna shinikizo la kuanza na rangi na samani kwa sababu hizo ndizo zinazoonekana. Tumekataa, na kurasa hizi zitaonyesha kwa nini.

Wiki ya 1 na ya 2: vipimo

Ramani za awali hazipo, kwa hiyo kila kitu kinapimwa upya kwa leza na kuhakikiwa kwa futi kamba. Kila pengo linapimwa pande zote nne, kisha pembe kwa pembe. Ukipima pande tu, hutajua kama pengo limekaa mraba au limepinda.

Timazi inaonyesha ukuta wa magharibi umeinamia nje kwa milimita 35 katika kimo cha mita 4.2. Mhandisi wa miundo ameridhika: kwa unene huu, uzito bado unashuka ndani ya theluthi ya kati ya ukuta. Kilichobaki ni kujua kama ukuta umetulia au bado unatembea. Vipande 7 vya kioo chembamba vimebandikwa kwa plasta juu ya nyufa na kuandikwa tarehe. Kioo kikikatika, ufa uko hai.

Baada ya siku 11 kimekatika kimoja, pembe ya kusini-magharibi. Hapo ndipo bomba la paa linapomwaga maji yake yote chini ya ukuta, juu ya udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Hatuchimbi msingi wala hatumwagi zege. Maji yakishaelekezwa kwingine, kioo kipya kitabandikwa palepale.

Wiki ya 3 na ya 4: paa

Kibanda cha ubavuni kimeezekwa kwa asbesto. Karatasi hizo hazitobolewi, hazikatwi, wala hazitupwi chini. Zinalowanishwa, misumari inafunguliwa mmoja mmoja, karatasi zinashushwa nzima kwa mikono, zinafungwa kwa nailoni nzito tabaka mbili na kuchukuliwa na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku sita. Hakuna njia ya mkato inayofaa hapa, maana vumbi lake likishaingia kifuani halitoki.

Popo wamejaa kwenye upenyo wa paa. Kinyesi chao kikavu kina vimelea vya ukungu vinavyoumiza mapafu, kwa hiyo hakifagiliwi kikiwa kikavu: kinanyunyiziwa maji, kinakwanguliwa kwa koleo, na kila mtu anavaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, si ya kitambaa. Matundu yanazibwa jioni popo wakishatoka, baada ya kuhakikisha hakuna makinda ndani.

Tatizo kubwa la paa limejificha pale miguu ya kenchi inapoingia ukutani. Matofali yamezingira chuma, maji yakavuja, na chuma kikaota kutu bila mtu kuona. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana tofali juu ya miguu hiyo yameinuka na kupasuka. Kati ya miguu 16, mitano iko hivyo. Kenchi inaegemezwa kwa jeki za chuma, tofali zinafunguliwa, chuma kinasuguliwa mpaka king'ae, kisha mabamba ya milimita 10 yanafungwa kwa bolti pande zote mbili. Fundi wa kuchomelea alikuwa tayari na mashine yake, lakini chuma cha zamani hakichomelewi kabla ya kupimwa maabara. Kingine kina salfa na fosforasi nyingi, na kiungo hupasuka kikipoa. Bolti hazina swali hilo. Tofali zikirudishwa, mguu wa kenchi unaachiwa nafasi ya milimita 25 kuuzunguka ili hewa ipite.

Wiki ya 5: hesabu ya mvua

Paa na vipaa vidogo vya pembeni vina mita za mraba 480 zikipimwa kwa ulalo. Mvua ya radi ya Kisumu tumeihesabu kwa milimita 100 kwa saa: ni lita 13.3 kila sekunde, takriban 6.7 kila upande. Mifereji ya zamani ilikuwa na mabomba mawili ya milimita 75 kila upande, yaani kila bomba lilitakiwa kumeza lita 3.3 kwa sekunde. Hayakuweza, na alama za maji ukutani zinathibitisha. Sasa ni mabomba manne ya milimita 100 kila upande. Mfereji unateremka milimita 5 kila mita, na kila bomba linamwaga kwenye mtaro wa zege ulio mita 1.5 kutoka ukutani.

Milimita 10 za mvua zinaleta lita 4,000 na ushee baada ya kutoa zinazopotea. Tangi la lita 10,000 linatosha vyoo na usafi. Maji ya dakika za kwanza yanaachwa yapite nje kwa sababu yamebeba vumbi na vinyesi vya ndege.

Kioo kipya cha pembe ya kusini-magharibi kimebandikwa.

Wiki ya 6 hadi ya 10: kuta

Hapa ndipo mradi huu utakapofaulu au kuharibika.

Wakati fulani zamani mtu alipiga plasta ya saruji, unene wa milimita 20, kutoka sakafuni hadi mita 1.2. Nia yake ilikuwa kuficha unyevu. Ukuta wa matofali na chokaa hunywa maji kutoka chini na kuyatoa kwa uso wake. Saruji inaziba uso huo, na maji yanapanda kutafuta pa kutokea. Sasa alama ya unyevu iko mita 1.6, juu kabisa ya plasta, na chumvi imechanua kama unga mweupe. Ukiweka rafu za vitabu mbele ya ukuta kama huo, ndani ya msimu mmoja wa mvua kurasa zitaota ukungu. Hewa iliyotuama yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 inatosha.

Saruji inatolewa kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine ya kutikisa ilijaribiwa kwenye mita moja ya mraba, ikang'oa saruji pamoja na uso mgumu wa tofali, ule uliochomeka vizuri tanuruni. Ndani yake tofali ni laini na hunyonya maji mara moja. Mashine ilirudishwa siku ileile.

Chumvi inafagiliwa kavu. Haioshwi, maana maji huiyeyusha na kuirudisha ndani.

Plasta mpya ni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga mkali wa mtoni uliochekechwa, pamoja na unga wa matofali yaliyovunjika kiasi cha nusu ya chokaa. Unga huo huifanya chokaa ishike hata penye unyevu. Chokaa ya mfuko inalowekwa pipani na kufunikwa kwa maji yasiyopungua sentimita 5. Saa 24 ndicho kiwango cha chini, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Mapipa yalilowekwa wiki ya 1, kwa hiyo yametimiza zaidi ya mwezi. Tabaka ni milimita 10, mara mbili, la pili likisubiri la kwanza liwe gumu kiasi kwamba ukucha unaacha alama lakini kidole hakizami.

Kipande cha kwanza, mita 6 za mraba kwenye ukuta wa magharibi, kiliharibika. Kilipigwa saa nne asubuhi, jua la alasiri likakikuta kibichi, na siku ya tatu kilikuwa kinapukutika kwa kiganja. Chokaa haigandi kwa kukauka. Inavuta hewa ya ukaa taratibu na kurudi kuwa jiwe, na bila unyevu kazi hiyo inakoma. Kipande chote kilikwanguliwa. Sasa ukuta hulowanishwa jana yake jioni na tena nusu saa kabla ya kupiga, magunia ya katani yananing'inizwa sentimita 10 mbele ya kazi, na yananyunyiziwa maji asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7. Yasiguse plasta, la sivyo yanaacha alama za nyuzi.

Mafundi waliozoea saruji huona kazi hii ni ya polepole, nao wanasema kweli. Lakini kwa wiki ya pili wawili kati yao walikuwa wameshika mkono wake, na mita za mraba 14 kwa siku ni mwendo mzuri.

Ukuta wenyewe utakauka kwa muda mrefu kuliko mradi. Kanuni ya kazi hii ni milimita 25 kwa mwezi. Milimita 450 zikikauka pande zote mbili ni takriban miezi 9. Rangi ni chokaa ya maji tu. Rangi ya mafuta au ya plastiki haitaingia katika jengo hili, na neno hilo limeandikwa kwenye mkataba.

Wiki ya 11: sakafu

Kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 kinabandikwa sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote na kuachwa saa 24. Vipande 9, kimoja kila pengo. Viwili vilikuwa na matone chini yake, yote upande wa jukwaa.

Sakafu ni zege la milimita 150 juu ya mawe na udongo wa kujazia. Ukiigonga kwa nyundo, mapengo mengine yanalia kama ngoma. Matundu 6 ya majaribio yalionyesha mwanya wa milimita 40 chini ya zege katika pengo la 3 na la 4, kwa kuwa udongo umeshuka. Tumejaza kwa uji wa saruji na mchanga laini, unaomiminwa kwa uzito wake bila pampu, maana msukumo wa pampu ungeinua zege.

Wiki ya 12 na ya 13: uzito wa vitabu na mpango wa rafu

Mita moja ya vitabu iliyojaa tumeihesabu kuwa kilo 35. Safu moja ya rafu za pande mbili, urefu mita 3.6, ngazi tano kila upande, ina mita 36 za vitabu: kilo 1,260 bila chuma cha rafu. Inakanyaga mita za mraba 2.16, yaani kilo 583 kwa kila mita ya mraba chini yake. Kiwango cha Uingereza cha BS 6399, kilichoondolewa 2010, kilitaka vyumba vya rafu vihesabiwe kilonyutoni 2.4 (kilonyutoni moja ni uzito wa kilo 102 hivi) kwa mita ya mraba kwa kila mita ya kimo cha rafu, na isipungue 6.5. Sakafu ya chini inaweza. Roshani ya mbao iliyokuwa ofisi ya karani haiwezi, na hakuna kitabu kitakachopanda huko hata cha muda.

Jaribio: mifuko 26 ya saruji ya kilo 50 ilipangwa juu ya alama ya safu moja kwa saa 24. Pengo la 6 lilishuka milimita 2 na kurudi. Pengo la 4, kabla ya kujazwa, lilishuka milimita 6. Baada ya kujazwa, 2.

Mpango wa rafu umetoka kwenye jengo lenyewe. Pengo ni mita 4 na dirisha la mita 1.2 liko katikati yake. Safu zikikaa kila mita 2, ya kwanza mita moja kutoka kenchi, zenye kina cha milimita 600, ujia unabaki milimita 1,400 na kila ujia wa pili unaishia dirishani. Mwanga unaingia kati ya rafu badala ya kugonga ubavu wake. Upana wa ndani ni mita 11.1: safu ya 3.6 kila upande, njia kuu ya 2.1 katikati, na milimita 900 kando ya kila ukuta. Hizo 900 zina kazi mbili. Kiti cha magurudumu kinazunguka bila kukwama mwisho wa ujia, na ukuta unaendelea kupumua na kukauka bila kugusa kitabu. Mchoro wa kwanza ulikuwa umeegemeza rafu ukutani ili kupata nafasi. Umefutwa.

Kwa vitabu 25 kila mita, ambacho ni kiwango cha rafu isiyojaa hadi mwisho, safu moja ina vitabu 900. Mapengo manne yangebeba 14,400, lakini tumechagua matatu: vitabu 10,800. Anayejua maktaba za Kenya anajua kwamba wasomaji wengi huja na daftari na vitabu vyao, wakitafuta meza, utulivu na taa, hasa mitihani ya KCSE, ya kumaliza sekondari, ikikaribia. Kiti ndicho kinachokosekana kwanza. Mapengo matano ya kusomea yana mita za mraba 222, na kwa 2.5 kila msomaji ni viti 88, watoto wakiwemo. Rafu za watoto hazizidi kimo cha milimita 1,200, ili mkutubi aone vichwa vyote kutoka mezani pake. Pengo la mwisho ni la mlango, meza ya mkutubi na mahali pa kuacha mikoba. Vyoo viko kwenye kibanda kilichokuwa na asbesto, chenye paa jipya.

Wiki ya 14 na ya 15: jua, upepo na joto

Kuta ndefu zinatazama mashariki na magharibi, na kwa jua huo ndio mwelekeo mbaya. Lakini upepo wa mchana hutoka ziwani, na hautakubali kuingia kwa mlango mwingine. Kwa hiyo madirisha ya magharibi yanabaki wazi na jua linazuiwa nje.

Saa za Kenya na jua la Kisumu hazilingani: jua hufika utosini karibu saa sita na dakika 40. Saa kumi jioni bado liko nyuzi 40 hivi juu. Kipaa cha mita 2.4, ambacho ukingo wake uko mita 3 juu ya sakafu, hutia kivuli hadi mita 1 kutoka sakafuni, na dirisha linaanzia papo hapo. Saa kumi na moja jua liko nyuzi 25 na kivuli kinaishia mita 1.9. Saa ile ndiyo wanafunzi wanaingia kutoka shule. Kizuizi cha matofali yenye matundu kinajengwa kwenye ukingo wa jukwaa hadi ukingo wa kipaa, kikiacha upepo upite. Kipaa kinakata jua la juu, matofali yanakata la chini.

Vitabu vingi vya usanifu vinashauri madirisha ya paani yaelekee kaskazini. Hapa ikweta iko kilomita chache tu, na jua huwa kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine. Kipaa kidogo cha mgongoni, kilichokuwa cha kutolea hewa, kimepewa luva na vizuia jua pande zote mbili. Mabati angavu hayatumiki kabisa: yanaleta mwanga pamoja na joto la utosini juu ya meza.

Katika maktaba ya LocHal huko Tilburg, Uholanzi, iliyokuwa karakana ya treni ya 1932 na kufunguliwa upya 2019, wasanifu waliamua kupasha joto sehemu watu walipo na kuliacha jumba lenyewe libaki na baridi yake. Hapa ni kinyume chake kwa kanuni ileile: feni kubwa za polepole juu ya meza, na hewa ya moto ya juu inatoka yenyewe kupitia mgongo wa paa.

Wiki ya 16: kelele ya mvua

Mvua ya alasiri juu ya mabati matupu inazima mazungumzo kabisa. Tabaka kutoka juu: mabati ya geji 26, nafasi ya hewa milimita 50, pamba ya mawe milimita 50, kisha ubao wenye matundu. Mikeka ya mafunjo ya kinamasi cha Dunga ilifikiriwa kwa dari, na sauti inaifyonza vizuri. Lakini juu ya vitabu ni kuni kavu na makao ya wadudu. Itatumika kwenye kizuizi cha pembe ya watoto, mbali na rafu, baada ya kuchovywa kwenye maji ya boraksi.

Wiki ya 17

Mteremko wa viti vya magurudumu umemwagwa upande wa mashariki. Mita 1.1 kwa uwiano wa 1 kwa 15: vipande vitatu vya mita 5.5 na mapumziko mawili ya mita 1.5, jumla mita 19.5. Kishikio kina kimo cha milimita 900, na kingine cha 650 kwa watoto.

Wiki ya 18: radi, taa na wadudu wa ziwa

Bonde la Ziwa Victoria hupigwa na radi nyingi mno. Kenchi zote zimeunganishwa kwa mkanda wa shaba na kushushwa ardhini mahali pane. Kipimo cha kwanza cha ukinzani wa ardhi kwa umeme kilikuwa omu 17. Fimbo mbili zaidi zikakileta omu 8, chini ya kikomo cha 10.

Meza zinapata mwanga wa luksi 500, rafu 200 zikipimwa kwenye ngazi ya chini kabisa, ambako ndiko wengi husahau. Jaribio la taa za nje usiku mmoja lilileta wingu la wadudu wa ziwani. Walijaza wavu, wakaziba upepo, na popo wakarudi kuwafuata. Taa nyeupe za mlangoni zimeondolewa. Zimewekwa za manjano, na moja angavu imesimamishwa peke yake mita 20 kutoka jengoni ili iwavute huko. Nyavu zote sasa zinafunguka kwa bawaba, zifagiliwe kila asubuhi.

Wiki ya 19

Kioo cha pembe ya kusini-magharibi kimepita mvua tatu kubwa bila kukatika. Unyevu wa ukuta wa magharibi umeshuka kutoka mita 1.6 hadi mita 0.9, na bado unashuka. Safu 4 za kwanza za rafu zinaingia pengo la 7, zikiwa tupu. Vitabu vinasubiri kwenye makasha mpaka kipima unyevu cha hewa kisome chini ya asilimia 65 kwa siku 14 mfululizo. Leo ni siku ya 5, na kimesoma 62.